Boti Uliyokataa Ikaguliwe

Kaisho, Kyerwa,
29 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Lameck,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu Pasaka, lakini naipokea shikamoo yako mapema ili tusipoteze muda. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na wajukuu wangu, wanaendelea vizuri na shule? Nasikia huko Mwanza homa imezidi mwezi huu. Hakikisheni mnalala ndani ya chandarua.

Sisi huku tuko hai. Neno hilo nimelichagua nikiwa na akili zangu zote, na ukisoma mbele utajua kwa nini.

Kahawa imeanza kuiva. Shamba la marehemu kaka yangu, baba yako, limebeba kuliko mwaka jana, na jana tulianika mikeka minne. Maharage tumeshapura. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike, na mdogo wako Leonidas kampa jina la mchumba wake Kayitesi. Nimemwambia alibadilishe kabla wakwe hawajasikia.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako ikisikia sauti yangu, mtandao unakatika. Barua inakuja na basi, pamoja na kifurushi kidogo nilichokifunga kwa jani la mgomba na mfuko wa nailoni. Usikifungue mpaka umalize kusoma.

Lameck, nina hasira na wewe. Hasira ya namna hii sijawahi kuwa nayo tangu baba yako alipouza ng'ombe wa mama yetu bila kuniuliza, na yeye angalau aliniomba radhi kabla hajafa.

Unakumbuka mwezi wa tatu, mwinjilisti aliposoma lile tangazo kanisani? Kwamba wakaguzi wa vyombo vya majini watakuja mwaloni, pale boti zinapotia nanga, siku ya Alhamisi, na kila mwenye boti ndogo ya kukodi, ya kubeba watu wa harusi, wa msiba au wageni, anaweza kuileta ikaangaliwa. Bure. Kwa hiari. Ikifaa inabandikwa stika, isipofaa mwenyewe anaambiwa cha kurekebisha, hakuna faini. Gaspari, anayekuendeshea boti, alikupigia jioni hiyo hiyo. Mimi nilikupigia kesho yake. Ukanitumia ujumbe ambao sijaufuta hadi leo: "Shangazi, ukaguzi ni wa hiari. Hata mwanafunzi hajipeleki kwenye mtihani ambao hajaitwa." Ukaweka na picha za vicheko vitatu.

Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe. Nilijisemea, mtoto wetu yuko Mwanza, kwenye ziwa kubwa lenye meli, huyu anajua mambo ya maji kuliko sisi wa mgombani.

Mzee Nsanzimana hakucheka. Alipeleka ile boti yake ya mbao, ambayo ninyi vijana mnaiita jeneza. Wakaguzi waliikataa asubuhi, na watu wa mwaloni wakamzomea. Yeye akashika karatasi yao, akaenda akarekebisha, mwezi wa nne wakarudi wakambandikia stika. Bado watu waliendelea kukodi ya kwako, kwa sababu ina turubai la bluu na spika ya muziki.

Sasa nikuambie habari ya Jumamosi ile ya tarehe ishirini na moja. Tulikuwa tunapeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya posa ng'ambo ya ziwa, kwa akina Hagenimana, baba yake Kayitesi. Najua umeshaambiwa kwamba kulikuwa na upepo kidogo na tukalowa. Mama yako ndiye aliyekuambia. Hakukuwa na upepo, Lameck. Ziwa lilikuwa limetulia, unaona hadi viboko kule kwenye matete.

Boti yako ni ya watu kumi na wawili. Tulipanda kumi na tisa. Hapo sitakusingizia, kosa hilo lina mikono mingi na mmoja ni wangu. Gaspari alisema twende kwa awamu mbili. Mimi nikasema posa haiingii kwa wakwe vipande vipande, tunaingia uani pamoja na wimbo wetu, kama ilivyo desturi. Gaspari ni kijana mwenye adabu, alishindwa kubishana na shangazi wa bwana harusi.

Kisha zikaja jaketi okozi, zile za rangi ya machungwa. Zilikuwa sita, zimekaa chini ya kiti tangu ulipoileta boti, hata nailoni yake haijatolewa. Unaijua mila yetu: kibuyu cha posa kikivunjika njiani, ndoa imeanza na mkosi, na tena hakiwekwi sakafuni hivi hivi bila kutandikiwa kitu. Tulikuwa na vibuyu vitatu. Tulitafuta majani ya mgomba ya kuvitandikia, yakawa machache. Ndipo mtu mmoja akasema, "Waitu, jamani, si hizi hapa zina sponji?" Tukavivalisha vibuyu jaketi. Tatu tukavivalisha, tukazifunga na kamba zake vizuri, na tatu nyingine tukazitandika chini. Watu wakacheka, wakavipiga picha. Moja ya kamba hizo niliifunga mimi kwa mkono huu ninaokuandikia.

Kwa hiyo tulipoondoka, pombe ilikuwa imevaa na watu hatujavaa.

Tulipofika katikati nilisikia miguu ina baridi. Nikadhani rubisi imemwagika. Nikaonja kwa kidole, nikakuta ni maji ya ziwa. Gaspari aliacha usukani akapiga magoti kule nyuma, akawa anapapasa kwenye lile tundu la kutolea maji, na maji yalikuwa yanaingia kwa nguvu. Hakukuwa na ndoo. Tulichota kwa sahani za zawadi. Hapo ndipo watu walipofanya kile watu wanachofanya wakiogopa: walisimama wote, wakakimbilia upande mmoja. Boti ikalala ubavu.

Watatu walitumbukia. Wawili walikuwa vijana, wakashika ukingo. Wa tatu alikuwa mama yako.

Therese ana miaka sitini na minane, hajui kuogelea, na alikuwa amevaa kitenge kizito na vazi la juu. Nilimwona akienda chini. Nikapiga kelele "Mawe!", mama yangu wee, kwa kilugha chetu, mpaka sauti ikakauka. Alipoibuka hakuwa hata na nguvu ya kulia. Kibuyu kimoja kilikuwa kimetumbukia naye, kikawa kinaelea kwenye jaketi yake ya machungwa, kimesimama wima kama mgeni rasmi. Mama yako akakikumbatia. Wifi yangu, ambaye tangu aokoke hajagusa rubisi hata kwa kunawa, alining'inia kwenye kibuyu cha rubisi karibu nusu saa.

Unajua nani alikuja? Jeneza. Nsanzimana alikuwa anarudi kutoka kuwapeleka walimu, akatuona, akazima injini mbali ili asitupige na mawimbi, akatupa kamba. Alichukua watu kumi tu. Hakukubali wa kumi na moja hata tulipomlilia. Akawafikisha, akarudi. Wote tuko hai kwa sababu mzee huyo alihesabu.

Tulifika kwa wakwe tumelowa, na kibuyu kimoja. Akina Hagenimana ni watu wema, walitupa nguo kavu na moto wa kuota. Kibuyu kilichobaki kilinywewa na wazee, na posa ikapokelewa. Nilikaa pale nimevaa sketi ya mtu mwingine, naitikia nyimbo, na moyoni nilikuwa nakutafuta wewe nikuchape.

Juzi nilikwenda Bugene, kwenye kliniki, kumsindikiza mama yako, maana anakohoa usiku na mchana. Wamempa dawa, wanasema maji yaliingia kifuani, atapona polepole. Njiani, juu ya bodaboda, aliniambia hivi: "Wifi, usimwandikie Lameck. Mtoto yuko mbali, atakosa usingizi." Lameck, kosa huo usingizi. Kosa hata wiki nzima.

Tuliporudi nikapita kwa Nsanzimana kumshukuru, nikamwomba anionyeshe ile karatasi ya wakaguzi. Ameibandika ukutani, pembeni ya picha ya harusi yake. Nilidhani ni mambo makubwa ya kitaalamu. Mwanangu, nilisoma nikaona aibu. Hesabu watu kabla ya kuondoka. Jaketi ivaliwe, isiwekwe akiba. Majina ya abiria yaandikwe na yaachwe nchi kavu, ili watu wajue nani wa kumtafuta. Ndoo. Kasia, endapo injini itazima. Na kizibo cha tundu la nyuma kifungwe kwa kamba kisipotee. Alinipeleka hadi kwenye boti akanionyesha. Kizibo chake kimefungwa kwa kipande cha kamba ya katani, kama mtoto wa mbuzi. Kamba ile haifikii bei ya soda.

Nikamwuliza Gaspari, kizibo cha boti yetu kiko wapi? Kijana akainama. Akasema, "Shangazi, kilipotea mwezi wa kwanza. Nilimwomba bosi mara tatu. Akaniambia nitumie chochote." Nimeuona ujumbe wako kwenye simu yake. Umeandika hivyo hivyo, "tumia chochote."

Ndiyo maana ulikataa ukaguzi. Siyo kwa sababu ni wa hiari. Ulijua watakuta nini. Mtu asiyetaka kupimwa anajua anapoumwa. Turubai ulinunua, spika ulinunua, kizibo ukaona ni gharama. Nakwambia haya mimi niliyekubeba mgongoni, na wala sitayapunguza makali.

Na hasira yangu haijaisha hapo, maana mbele kuna kubaya zaidi. Harusi ya Leonidas ni Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Julai. Tutavuka tena kumchukua bibi harusi. Mimi nimewaambia wazee tumkodi Nsanzimana, hata akienda mara nne. Mama yako akasimama, na kikohozi chake, akasema mbele yao kwamba mwanawe ana boti, na watu wakimwona yeye Therese anapanda ya jirani watasema ya Lameck ni mbovu. Akasema atapanda ya kwako, na atakaa mbele ili kila mtu amwone.

Umesikia? Yule aliyezama anataka kurudi kukaa ndani yake ili jina lako lisiharibike.

Boti tumeivuta nchi kavu, mimi na Gaspari. Mpira wa kupitishia mafuta kwenye injini nimeutoa, uko chini ya kitanda changu. Lakini mama yako ameshanidai mara mbili, na siku wazee wakikaa nami sitakuwa na la kusema, kwa sababu boti ni ya mwanawe na mimi ni shangazi tu. Mwenye neno ni wewe.

Wakaguzi wanarudi mwaloni Alhamisi ya tarehe kumi na saba, siku mbili kabla ya harusi. Njoo. Usitume hela, usimtume Gaspari, usinitumie vicheko. Njoo mwenyewe uisukume hiyo boti hadi mbele yao, usimame watu wakuone unaulizwa, na wakikuzomea kama walivyomzomea Nsanzimana, uzomewe. Ikikataliwa, mwambie mama yako kwa kinywa chako apande ile ya mbao. Mimi akiniambia hapana sina nguvu. Wewe ukimwambia atatii, kwa kuwa anakupenda kuliko pumzi yake, na hilo nimeliona kwa macho.

Leonidas anakusalimu. Hana habari kwamba nakuandikia. Gaspari anakusalimu kwa woga, usimfukuze, ukimfukuza utanijibu mimi. Mzee Nsanzimana anakusalimu sana na hajasema neno lolote baya juu yako, jambo lililoniumiza zaidi. Msalimie mkeo, wabusu watoto, mwambie yule mdogo bibi yake wa Kaisho amemwekea karanga.

Mungu aliyemwacha mama yako aelee akulegeze na wewe moyo, akufikishe nyumbani salama kwa njia ya nchi kavu.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa nimekunja ngumi,

Avelina Kokugonza.

N.B. Sasa fungua kifurushi. Hilo ni gunzi la mahindi. Gaspari alilizungushia nailoni akalipigilia kwenye tundu la boti yako, na likakaa humo tangu mwezi wa kwanza mpaka Jumamosi ile lilipooza likatoka. Nililiokota likielea miguuni pangu, wakati mama yako yuko majini. Kama bado unaona boti haina haja ya kukaguliwa, njoo nalo tarehe kumi na tisa, ulizibe tundu kwa mkono wako, halafu umshike mama yako mkono umpandishe.