Mzee Anataka Nimsomee Taazia Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana maji yamenifika shingoni na ofisini hakuna wa kumwambia. Mimi ni mwandishi wa habari za siasa, tangu ujanani kazi yangu ni kuandika makala za wanasiasa, walikotoka, walivyopanda, wanavyoishi majumbani kwao, na yupo mmoja, waziri mstaafu, ambaye nimemwandika mara nyingi hadi mkewe ananiita shemeji na mimi najua kiti kipi sebuleni kwao kina springi iliyochomoka. Mzee huyu ndiye aliyetoa amri soko kuu livunjwe, na ndani ya soko hilo shangazi yangu aliyenilea alikuwa na kibanda cha ushonaji, tingatinga likapita juu ya cherehani yake, na kila nilipokwenda kumhoji mzee shangazi aliniambia, "Muulize basi, sisi alitufikiria?" nami nikirudi nasema leo nafasi haikupatikana, kumbe nafasi ilikuwepo tele, ila niliogopa mlango ule usije ukafungwa, maana ndio ulionifanya niitwe mwandishi mkubwa.

Sasa mzee ni mgonjwa, hatoki kitandani. Labda hujui kwamba sisi magazetini hatungoji mtu mashuhuri afe ndipo tuandike taazia yake, tunaiandika mapema ikakaa tayari, na ya kwake nimeiandika mimi, soko limo, amri imo, cherehani imo, yote niliyoyameza nimeyatapika humo. Juzi mkewe kanipigia simu: "Shemeji, mzee anasema anajua umeshamwandika. Njoo umsomee, anataka asikie angali na masikio." Nikacheka, nikidhani ni utani. Akasema, "Sikutanii."

Najuta, mshauri, na usingizi umenipaa. Nikiisoma ilivyo nitamuumiza mtu anayekufa, nikiiruka sehemu ya soko nitakuwa nimerudia yale yale. Niende, au nisingizie safari?

Mimi, Kalamu Nzito (ndivyo wanavyoniita ofisini).

Kalamu Nzito,

Pole. Nilikuhurumia hadi uliposema "nisingizie safari", hapo huruma ikanitoka. Miaka yote umempaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, kumbe unangoja afumbe macho ndipo ufumbue mdomo. Wewe unaita ukweli, mimi naita kusengenya, tena kwa herufi za kuchapwa. Maiti haulizwi sanda, wala hajibu makala.

Eti unaogopa kumuumiza. Bwana wewe, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuita. Huyo amezeeka na waandishi, huenda kilichomo anakijua, na anachoshangaa ni kwa nini hukuwahi kumuuliza.

Nenda kesho asubuhi, kabla dawa hazijamlegeza. Taazia ibaki mfukoni kwanza. Kama wanacho karibu, kalia kile kiti chenye springi, ikuchome. Muulize kwa maneno ya shangazi yako, usiyapambe: wale wa sokoni, uliwafikiria? Kisha nyamaza. Akikasirika, andika kwamba alikasirika. Akilia, usimbadilishie mazungumzo, hiyo ndiyo tabia yako. Akishajibu ndipo umsomee yote, bila kuruka mstari, na jibu lake uliingize. Ukimkuta amekwisha kwenda, ongeza sentensi moja tu, kwamba mwandishi wa makala hii alikaa naye mara nyingi na hakumuuliza. Utaona haya mbele ya mji mzima, lakini hutakuwa umemsingizia mtu.

Ukitoka hapo usikimbilie ofisini. Pita kwa shangazi. Umeniandikia springi ya kiti cha waziri, ila hukuniambia kama shangazi yako aliwahi kupata cherehani nyingine, na hilo nimeliona. Kaa naye. Atakuuliza kama anavyokuuliza siku zote, na safari hii uwe na la kumjibu.