Sikio Langu Kwenye Simu

Kwako Kemunto, mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Sironga. Hatujambo. Chai imechipua vizuri baada ya mvua, na ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Babako amempa jina lako.

Alinisomea ujumbe wako, kwamba mbona siku hizi sikupigii ile simu ya kuonana. Mara ya mwisho niliiweka sikioni, nawe ukawaita wenzako wa kompyuta hapo ofisini: "Cheki sikio ya shosho!" Mlicheka. Nami nilicheka, kisha nikaiweka simu kabatini.

Sikukasirika. Nilimkumbuka mama mmoja wa Kiogoro. Nilikuwa msichana, nachapa barua za watu kwa taipureta mjini Kisii. Alikuja tumwandikie mwanawe aliyekuwa mbali, akainamia mashine na kuita jina lake kwa sauti kubwa, ili amsikie huko aliko. Niliangua kicheko, na foleni nzima ikacheka nami. Akajifunga leso upya, akaenda. Kila siku ya soko nilimtafuta kwa macho, nimwombe radhi. Hakurudi. Mpaka leo nalijua jina la mwanawe, ila sijui alitaka kumwambia nini.

Jumamosi tukitoka kanisani nitaitoa simu kabatini. Nipigie ukiwa peke yako, unielekeze polepole, hata nikikosea mara kumi. Wewe sikio langu umeshaliona, Kemunto. Mimi uso wako sijauona tangu tupande mahindi.

Ni mimi, nyanya yako.