Tusomewe Fomu Nzima

Kibiti Stendi,
Rufiji.
24 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Hafidha,

Assalamu alaykum. Naanza kwa kukuuliza hali, wewe na shemeji Hilal na wanangu wote wa huko Kahama. Je, kile kifua cha shemeji kimepoa? Mwambie vumbi la mitumba halichezewi. Afunge kitambaa puani anapofungua marobota, hata kama wenzake wa sokoni watamcheka. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto hulia kila nikipanda ngazi, lakini kwa kuwa nyumba yangu haina ngazi, sina kesi nalo.

Zaitun wako ni mzima. Nimeona niliweke hilo mapema kabla hujaanza kuruka mistari kulitafuta jina lake, maana nakujua. Ni mzima, anakula, kanenepa, na hajaanguka tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kila mwezi anakwenda hospitali ya Mchukwi kuchukua vidonge, na akirudi ananionyesha kopo kana kwamba mimi ndiye daktari.

Biashara yangu ya chakula inakwenda. Barabara haijapona tangu zile mvua kubwa, na abiria wa mabasi ya Lindi wanashuka hapa wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mtu wa namna hiyo hachagui mboga. Ukimpa maharage anashukuru.

Sasa nikupe habari yenyewe, ila kaa kitako kwanza, kwani mjinga wa habari hii ni dada yako.

Unalikumbuka lile ghala la ushirika nyuma ya soko? Tangu korosho zianze kununuliwa na watu binafsi lilikaa bure, mijusi ndio waliokuwa wanachama. Halmashauri imelipaka chokaa ikalifanya kituo cha vijana. Wanafundisha ushonaji na useremala. Nafasi ni kumi na mbili tu kwa mwaka. Mwaka jana Zaitun aliomba akakosa, na sisi wazazi tukasomewa majina kumi na mawili matupu, tukaambiwa kwaherini. Tulinung'unika mpaka midomo ikakauka. Kila mtu alisema wamepeana wenyewe kwa wenyewe.

Basi mwezi wa sita ukaitishwa mkutano wa wazazi kutoa maoni. Redioni kutwa ni uwazi, uwazi, na mimi nilikuwa nimeshiba uwazi huo. Nikasimama. Unanijua nikisimama. Nikasema, "Safari hii hatutaki majina ya kupikwa jikoni. Tusomewe fomu nzima, kuanzia juu mpaka chini, kila mtu aone mwenzake kachaguliwa kwa lipi!" Wee, nilipigiwa makofi na vigelegele! Nilikaa chini nimevimba kichwa. Katibu akaandika.

Fomu zikatoka mwezi wa nane. Zaitun aliijaza hapa hapa kwenye meza yangu ya wateja. Inauliza mengi fomu ile: jina, baba, shule, una mtoto, umewahi kufungwa, na chini kabisa, una maradhi ya muda mrefu? Nikamwambia aandike hana. Akaniangalia. "Mama mkubwa, nikianguka juu ya cherehani nani atajua la kufanya? Si ndiyo maana wanauliza?" Akaandika kifafa, akaandika na jina la dawa. Mimi nilinuna, nikaenda kuosha masufuria. Hafidha, wallahi sikuunganisha. Maneno ya mwezi wa sita yalikuwa yameshanitoka akilini.

Jumatano ya wiki iliyopita akaja Nassibu, tarishi wa pale kituoni, kula mchana kama kawaida yake. Anafinya finya vidole. Nikamuuliza ana nini.

"Mkono umekufa ganzi, Bi Kija. Tunanakili fomu kwenye karatasi za manila. Vijana sitini na wanne, safu tisa kila mmoja. Jana tumeishia kwenye maradhi."

"Maradhi ya nani?"

"Ya wote. Jumamosi yanasomwa. Si nyie wenyewe mlitaka fomu nzima?"

Upawa ulinitoka mkononi. Nikakaa juu ya gunia la mkaa na kanga yangu safi.

Aliyenijia akilini ni Haidari. Yule kijana fundi baiskeli niliyekuandikia habari zake, ambaye watu wake wa Mtunda walileta barua ya posa mwezi wa saba na bado wanangoja jibu letu. Wajomba zake wawili wana watoto walioomba nafasi, kwa hiyo Jumamosi wangekuwapo. Na unawajua watu wetu na ugonjwa ule. Wanauogopa hata kwenye kikombe. Msichana akianguka mara moja kisimani, kuanzia siku hiyo anachota maji peke yake. Nikawaza jina la mtoto wetu linavyosomwa kwa sauti ya Nassibu, na watu wanavyogeuka. Nikakukumbuka na wewe, siku unapanda basi kumfuata mumeo, ulivyonishika mkono ukasema, dada, hili lisitoke nje. Sasa lilikuwa linatoka, na mlango nimeufungua mimi.

Niliacha chungu motoni nikaenda kituoni. Afisa wa vijana ni Bi Kuruthumu, mwanamke mwembamba wa Kilwa, mwenye miwani. Fomu zilikuwa zimerundikwa mezani, zimewekewa jiwe zisipeperuke, na kila aliyekuja kuuliza jambo aliweza kusoma ya juu. Karani alikuwa kando anapiga mistari. Nikasema kuna fomu sitaki isomwe.

"Ipi?" akauliza.

Ningesema vipi, na karani masikio ameyasimamisha? Nikabaki nafinya ncha ya kanga. Bi Kuruthumu alinitazama, kisha akamtuma karani posta akanunue stempu. Alipotoka, alifunua rundo, akatoa fomu moja, akailaza kifudifudi mezani. "Nimeisoma," akasema. "Huna haja ya kulitamka."

Nililia, mdogo wangu. Mtu mzima, ofisini kwa watu.

Lakini hakuishia hapo. Akatoa daftari la mikutano, akaniwekea kidole kwenye mstari. Bi Kijakazi Bushiri alitaka fomu zisomwe nzima. Mkutano uliafiki kwa makofi. Jina langu limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Mimi sikulipenda," akasema Bi Kuruthumu, "lakini nikilibadilisha peke yangu, Jumamosi watasema nimeficha ili nipenyeze ndugu zangu. Neno la mkutano hufutwa na mkutano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usimame tena, Bi Kija."

Mdomo huponza kichwa, walisema wazee, nami hicho kichwa ninacho. Siku tatu zile wali wangu uliungua mara mbili. Zaitun alikwisha kuyasikia, maana Nassibu hali chakula bila kutoa habari. Hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia tu, "Nenda ukaseme, mama mkubwa. Ila usiseme langu."

Jumamosi ghala lilifurika. Manila zilikuwa mezani zimeviringishwa, nene kama mabomba. Kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua nikanyoosha mkono, nikasema naomba kuyarudisha maneno yangu ya mwezi wa sita. Yasomwe majina, umri, elimu na alama za usaili. Hayo mengine yabaki ofisini.

Watu walicheka. Akainuka Muhidini, yule muuza nguzo za mikoko, ambaye hata msibani lazima apinge jambo. "Bi Kija leo ana la kuficha!" akasema. "Mwezi wa sita alitaka mwanga, leo anazima taa. Una nini kwenye fomu ile mama, tuambie!"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri, nimeifanyia mazoezi kwa masufuria, ikapotea yote. Na wajomba wa Haidari nawaona benchi la tatu, wananitazama. Nikasema lililokuja.

"Muhidini, una watoto wawili katika karatasi zile. Umesoma walichoandika?"

"Nisome nini? Wana mikono yao, wameandika wenyewe."

"Haya, keti basi, tusikilize pamoja. Waanze na wa kwako."

Muhidini aligeuka kumtafuta binti yake Rukaiya, aliyekuwa amesimama mlangoni, na Rukaiya akainamisha kichwa, akatazama vidole vyake vya miguu. Sijui mtoto yule aliandika nini, na naapa sitaki kujua. Lakini baba mtu alikosa rangi. Na hapo, Hafidha, nikaona vichwa vinageuka ghala zima. Kila mzazi anamtafuta wake. Huyu aliwahi kulala mahabusu Nyamisati, yule ana mtoto anayelelewa na bibi kama mdogo wake, sijui, nabuni tu, lakini hakuna aliyecheka tena. Ungesikia sindano ikianguka, nazo sindano pale zimejaa.

Mwanajuma mkunga akasema akiwa amekaa, "Ya mwanangu isisomwe."

Kisha Muhidini, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Na za wangu."

Baada ya hapo mikono ilipanda. Mwenyekiti hakupata hata kazi ya kuihesabu. Katibu akaandika, na safari hii nilimsimamia kichwani mpaka akaweka nukta.

Bi Kuruthumu alizichana zile manila mbele yetu, vipande vipande. Nassibu alikuwa karibu kulia, masikini, kazi ya wiki nzima. Bi Kuruthumu akasema fomu zitawekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo atakaa nao yeye. Mwalimu ataambiwa la mwanafunzi wake tu, lile linalomhusu darasani. Na wale hamsini na wawili waliokosa atawarudishia fomu zao. Aliwaita mmoja mmoja, akampa kila mtu yake mkononi mwake. Hakuwapa wazazi. Kuna baba alinyoosha mkono kumpokelea mwanawe, akaambiwa, "Si yako, mzee."

Na waliopata? Jina la tisa, Zaitun Hilal, miaka ishirini, elimu ya msingi, alama sabini na moja. Sikungoja alama, nilipiga kigelegele kwenye "Zai". Anaanza darasa Jumatatu ijayo, inshallah. Nimepumua, mdogo wangu. Usiku ule nililala kama niliyetuliwa gunia kichwani.

Sasa ningetamani barua iishie hapo, lakini mwanao ana vituko.

Juzi Jumanne Haidari alikuja, kuniletea eti baiskeli ya jirani aliyoitengeneza. Zaitun akamkaribisha kibarazani, akaniomba nami nikae karibu. Nikajua ni mambo ya jibu la posa. Akamwambia yote. Kifafa, kilianza lini, ameanguka mara ngapi, vidonge atameza mpaka lini. Kwa kinywa chake, taratibu, kama anayehesabu vifungo vya shati. Mimi nimekaa pale, nimekosa pa kuficha uso.

Haidari akawa anaichezea spana yake. Kisha akauliza, "Mchukwi unakwenda siku gani?"

"Alhamisi ya kwanza ya mwezi."

"Basi Alhamisi ya kwanza asubuhi sifungui kazi. Nitakupeleka." Akasema pia kwamba yeye mwenyewe atamwambia mama yake, wajomba waachwe kwanza.

Alipoondoka nilimgeukia mwanao. Nikamwambia, mtoto wewe, mimi nimeaibika mbele ya kata nzima ili jambo lisijulikane, nawe unaenda kulitoa mwenyewe kama karanga?

Akasema, "Mama mkubwa, ulikataa lisisomwe na Nassibu. Mimi hukunikataza kulisema."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikacheka mpaka goti likauma. Nisamehe mimi dada yako. Uliniachia nilitunze, na sasa mwenyewe amelichukua. Na kusema kweli moyo wangu ni mwepesi kuliko miaka yote minne niliyolibeba.

Kuhusu posa, jibu ni la kwenu wewe na shemeji, lakini la Zaitun mnalijua tayari. Mkiweza, njooni baada ya msimu wa korosho, tuwajibu watu wa Mtunda kwa heshima.

Nisalimie shemeji Hilal na kifua chake. Nisalimie mwanangu Ahmed, mwambie shangilio lake la kufaulu nimelisikia huku. Mama mdogo Binti wa Ikwiriri anakusalimu na anauliza kanga zake. Bi Kuruthumu naye, ambaye hamjaonana, amesema nikufikishie salamu za mzazi mwenzake.

Zaitun anakubusu mikono. Ana ombi moja, na ameniambia niliandike kama alivyosema. Katika barua zako huwa unamuuliza, "Yale mambo yako yanaendeleaje?" Anaomba usiandike tena hivyo. Andika kifafa. Anasema barua ni yake, na anaifungua mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awalinde katika usafiri na riziki, atukutanishe tukiwa na afya.

Nimebaki dada yako akupendaye,
Kijakazi binti Bushiri