Hapana Zote za Mama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Sisi huku tunapumua. Ila nisikufiche, nakuandikia damu ikinichemka, kwa hiyo ukikuta mwandiko umekwenda kombo, nivumilie.

Uliniuliza ni nani aliyemfuta Mama kwenye orodha ya watakaopasuliwa nyonga, ukaapa kwamba ungekuwa karibu ungemkaba koo mtu huyo. Jibu nimelitafuta na nimelipata. Soma taratibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipita nyumbani mchana bila kumwarifu. Nilimkuta Mama uani anatambaa. Anatambaa, Dada, kiganja mbele, goti nyuma, anakwenda chooni. Choo chetu unakijua, cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa hawezi tena. Seremala jirani ndiye aliyemtobolea kiti cha mbao akiweke pale juu. Kumbe miezi miwili sasa, ikifika saa nne asubuhi anaacha kunywa maji, ili haja isimsumbue. Midomo imempasuka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinikata jicho, akaniambia hospitali walishasema ni mzima, sasa alalamike kwa nani?

Nilirudi kazini hospitalini mbio, nikaenda kliniki ya mifupa kuomba faili lake. Siku hizi pale mgonjwa haonwi na daktari kwanza. Anaulizwa maswali ishirini na majibu yanajumlishwa. Ukipata alama thelathini kwenda juu unaingia kwenye orodha. Chini ya hapo, chukua dawa za maumivu urudi kwako. Mama alipata nane.

Nikasoma jibu mojamoja. Je, unapata shida kupanda ngazi za nyumbani? Hapana. Nyumba yetu ina ngazi gani? Je, unapata shida kuingia na kutoka kwenye gari lako? Hapana. Je, unapata shida kuingia kwenye bafu la kujilaza? Hapana, yeye anayeoga kwa ndoo amekaa kwenye kigoda! Na kila hapana ni sifuri. Kuchuchumaa, kufua kwa mikono, kuinuka kutoka sakafuni, hakuna aliyemuuliza. Aliulizwa kama siku hizi anajisikia yuko chini, maana yake kama ana huzuni. Muuguzi aliniambia Mama alikitazama kiti alichokalia, akajibu, "La, mwanangu, niko juu ya kiti, ahsante." Kisha akaulizwa hali yake kwa ujumla, naye, kwa adabu yake mbele ya mgeni, akasema nzuri, anamshukuru Mungu. Ikawekwa tiki kwenye "nzuri sana".

Nilicheka, Dada. Halafu nikalipiga ngumi kabati la mafaili mpaka vidole vikavimba.

Ijumaa kulikuwa na kikao. Niliingia na faili la Mama na mengine kumi na moja, yote ya watu wa aina yake: wakulima, wafua nguo, mama mmoja kiziwi ambaye mkwewe ndiye aliyemjibia. Mkuu wetu wa kitengo, yule tunayemwita Bwana Asilimia, alisikiliza huku akibofyabofya kalamu, kisha akasema fomu ile haina upendeleo, maana wote wanaulizwa maswali yaleyale. Nikamwambia upendeleo uko hapohapo. Maswali ni yaleyale, maisha siyo. Anayeishi ghorofani anapewa nafasi ya kusema anaumia. Anayetambaa uani hapewi. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani tafsiri na majaribio alifanya nani?"

Yeye alijua. Alitegemea nitakaa chini.

Dada, usimlaani muuguzi. Mtu unayemtaka ni mimi. Sahihi kwenye karatasi ya majaribio ni yangu. Mwaka juzi nilipewa fomu ile niitafsiri, kisha nikae na wagonjwa arobaini, wanaojua kusoma na wasiojua, wa mjini na wa shamba, nimuulize kila mmoja ameelewa nini. Nilikaa na watu sita, makarani wenzangu, mlemle ofisini. Nikaandika arobaini. Na si hilo tu. Kwenye mwongozo wa wauguzi niliandika kwamba kama mgonjwa hafanyi kabisa jambo analoulizwa, ajaziwe hapana. Muuguzi wa Mama alitii nilichoandika. Mama nilishamfuta kabla hata nyonga haijaanza kumuuma.

Niliyasema hayo yote palepale, mbele ya wote. Nimepewa barua ya kusimamishwa kazi, na sina cha kulalamika. Fomu imewekwa kando, na watu mia mbili na kumi waliorudishwa makwao wataitwa upya. Mama alionwa jana na daktari mwenyewe, naye hakuuliza lolote kuhusu bafu. Alimwambia ainuke kwenye kiti, akamtazama anavyohangaika, basi. Atapasuliwa mwezi ujao. Lakini mfupa umelika mno kwa kule kusubiri, na huenda fimbo isimtoke mkononi tena.

Barua hii nimemsomea Mama kabla ya kuifunga. Alisikiliza amegeukia ukutani. Pale penye makarani sita nilikuwa nimeongeza kwamba wakubwa walikuwa wananiharakisha. Akanikatiza. "Futa hapo," akasema. "Hukuharakishwa na mtu. Ulitaka kwenda kula." Nimepafuta.

Anakusalimu sana, wewe na shemeji, na wajukuu zake anawabusu mmojammoja. Mimi bado hajanisalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda