Zuhura na Kikombe cha Kijani

Kasulu, Jumamosi, Novemba 1997. Mvua ya vipindi tangu alfajiri. Sasa imekatika, ukungu umekaa juu ya migomba na tope jekundu limefika mpaka sebuleni.

Nimechoka, ila ni uchovu mtamu. Naandika haraka kwa sababu mama Zuhura anarudi kesho kutoka semina ya Kigoma, na akianza kusimulia ya kwake, ya kwangu yatasubiri mpaka Krismasi ya majirani.

Wiki nzima nimekuwa likizo nikiwa na kazi moja tu: kumtoa binti yangu kwenye chupa. Zuhura amepita mwaka na nusu, ana meno ya kutosha kuning'ata, na bado maziwa alikuwa hayanywi ila kwa chupa ya kunyonyea. Msimu huu ameharisha, akapona, akaharisha tena. Mama yake ni muuguzi, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Chuchu ya ile chupa ilikuwa imepasuka, na uchafu ulijificha humo hata ukiichemsha mpaka maji yakauke. Kabla ya kupanda gari aliitumbukiza chooni mbele ya macho yangu, ili nisije nikalegea. Ananijua.

Basi nikabaki na mtoto, kikombe cha plastiki cha kijani, na maziwa ya ng'ombe tunayoletewa kila asubuhi. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Mimi ni bwana shamba, nimekaa na watu wa Titye mpaka wakakubali kupanda mbegu mpya ya mihogo. Nitashindwa na kitoto?

Nilishindwa.

Kila nikimsogezea kikombe, anakishika kwa mikono miwili, ananitazama usoni, halafu anakisukuma kurudi kwangu. Hasukumi kwa hasira. Anakisukuma polepole mpaka kinagonga masharubu yangu, maziwa yanamwagikia shati langu. Nakirudisha kwake. Naye anakirudisha kwangu. Nimeimba, nimepiga makofi, nimeongeza sukari. Maziwa kwa kijiko aliyatema. Siku moja nilimshika kichwa nimnyweshe kwa nguvu, akalia mpaka akatapika na uji aliokula. Nilijichukia siku ile, sikurudia tena.

Kilichonitia hofu ni mbavu. Jana nikimwogesha niliziona zote. Mtoto aliyetoka kuharisha anatakiwa kurudisha mwili, na huyu wangu alikuwa anazidi kupungua, maziwa yenyewe yakigeuka mgando kwenye sufuria. Nikasema liwalo na liwe. Leo nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, watu wacheke wanavyotaka, nikashika njia ya madukani kununua chupa nyingine.

Sikufika. Mvua ilitukamata mbele ya nyumba ya Melkiori.

Melkiori ni jirani yetu, anauza migebuka na dagaa sokoni. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye sasa ni Mtanzania. Zuhura hushinda kwao mimi na mama yake tukiwa kazini, na mkewe, Mama Jeneroza, humlea kama wake. Wiki hii kwa kuwa nilikuwa nyumbani sikumpeleka. Wala sikuwaambia shida yangu. Bwana shamba mzima nikaseme nimeshindwa na kikombe?

"Amahoro, Bwana Shamba! Ingia, ingia, utamlowesha mtoto," akaita Melkiori.

Wanajua mimi ni Mwislamu, kwa hiyo nikifika hunitolea juisi ya ndizi isiyochachuka, wenyewe wanaiita umutobe. Melkiori akamimina kwenye bilauri, akapiga funda moja yeye mwenyewe, kisha akanipa kwa mikono miwili. Ndivyo afanyavyo siku zote. Nilipohamia hapa kutoka Korogwe nilidhani mwenzangu ana kiu. Baadaye akanieleza kwamba mtu akikupa kinywaji lazima aonje kwanza, moyo wako utulie ujue hakuna baya ndani. Nikalipokea kama desturi ya watu wa huku, nikaliweka huko lilipo.

Mama Jeneroza akaleta kikombe kidogo cha bati. Akatia juisi, akaonja, akampa Zuhura aliyekuwa mapajani kwangu.

Zuhura akainua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho.

Nilibaki mdomo wazi. Nikauliza kama huwa anakunywa hivyo. Mama Jeneroza akanishangaa, akasema maji na juisi hapo kwao hunywa kwa kikombe hicho kila siku. Ndipo nikaeleza yote, masharubu na shati na kusukumana. Sikumaliza. Mama huyo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Yebabawe! Mwana hakatai, Baba Zuhura. Anangoja usogongere! Utampa mtu kinywaji ambacho wewe mwenyewe umekiogopa?"

Kusogongera ndiyo huko kuonja kwao. Melkiori naye akaongeza chumvi: "Huyu amekwisha kuwa wa kwetu. Wewe ndiye bado."

Chupa sikununua. Nilirudi nyumbani mbio kwenye tope, nikachemsha maziwa, nikayapoza, nikakaa naye mkekani.

Lazima niseme ukweli: mimi na maziwa hatuelewani. Harufu yake ilinishinda tangu utoto. Na hata ningeyapenda, mke wangu ana sheria yake, kila mtu na kikombe chake, vijidudu havina undugu. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuonja chochote cha Zuhura humu ndani. Nikakiinua kikombe cha kijani. Alinikodolea macho. Nikapiga funda, nikameza, na yeye akawa anafuatilia koo langu mpaka likateremka.

Kisha akanyoosha mikono miwili.

Alikunywa bila kupumzika. Yalimtiririka kidevuni, yakamwacha na masharubu meupe, akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyetoka shambani. Mimi nikalia. Sioni haya kuandika hivyo, hakuna anayenisoma.

Tangu hapo namwangalia binti yangu kwa macho mengine. Hawezi hata kulitamka neno maziwa, anasema "mama-zi", lakini ana adabu kuliko baba yake. Wiki nzima njaa ilimuuma na kikombe kipo mbele yake. Angeweza kukitupa. Angeweza kukinyakua na kunywa. Yeye akanikaribisha, kwa heshima zote, nionje kwanza, na kila nilipokosea akanipa nafasi nyingine. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia hata mleta maziwa kwamba nina mtoto mkaidi! Kumbe alikuwa ananivumilia. Wapo watu wazima nimefanya nao kazi wasio na nusu ya subira hiyo, na mimi ni mmoja wao.

Jioni hii ametaka tena. Nimeonja, amekunywa, ila yamebaki kidogo chini. Nikadhani ameshiba. Ameshika kikombe, amepiga funda moja dogo la mwisho, ameyazungusha mdomoni, akanitazama kuhakikisha nimeona. Halafu amekileta kwenye midomo yangu, kwa mikono miwili, taratibu, safari hii bila kumwaga hata tone.

Nimeyanywa yote. Nimelamba na ukingo.

Kesho mama yake akiingia sitamweleza chochote. Nitachemsha maziwa, nitampa Zuhura kikombe mkononi, nitakaa pembeni. Najua atakakokipeleka. Na muuguzi wangu akianza habari za vijidudu, nitamwambia jambo moja tu: kunywa, mama, mtoto amengoja vya kutosha.