Alisukuma au Walisukuma

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wote hapo nyumbani. Mimi mzima, ila tangu jana chakula hakipiti. Mgongo wako unaendeleaje? Usibebe madumu ya maji, najua ubishi wako.

Simu nimeishika nikaiacha. Haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Ile kesi ya mlinzi aliyesukumwa kwenye ngazi za ghala akafa imefika kwa shahidi, mama muuza vitambaa anayejua Kifaransa tu, nami ndiye mkalimani. Mshtakiwa ni mmoja, fundi wa kuchomelea, yule rafiki wa mwanao. Mama akasema, "Il poussait." Nikatafsiri: alikuwa anasukuma. Mwendesha mashtaka akaridhika, fundi akainamisha kichwa.

Hapo nikashtuka. Unakumbuka shuleni ulivyosoma *ils poussaient*, yaani walikuwa wanasukuma, "pu-sa-i-e-nti", darasa zima likaangua kicheko? Kumbe ni pu-se, silabi mbili tu, sawasawa na *il poussait*. Zile herufi za wingi huandikwa, hazitamkwi. Kwa sikio, mmoja na wengi ni kitu kimoja. Kiswahili chetu kinakubana: lazima useme a- au wa-. Mimi nilisema a-, na kijana wa watu angefungwa peke yake kwa herufi yangu.

Nikaomba ruhusa nimuulize tena. Mwendesha mashtaka akanikemea kwamba kazi yangu ni kutafsiri, si kupeleleza. Hata hivyo nikamweleza hakimu kama nilivyokueleza wewe. Akaguna, akakubali. Mama akajibu kwamba walikuwa wawili. Hakimu akataka kujua wa pili ni nani.

Kaka, kaa chini kwanza. Mama hakunyoosha kidole. Alisema tu kwa Kifaransa kwamba ni yule wa shati la kijani, benchi la mwisho. Nikageuka. Alikuwa mwanao, amekuja kusikiliza kesi ya rafiki yake.

Hakuna mwingine aliyeelewa. Ukumbi mzima ulinisubiri mimi. Ningeweza kusema hamkumbuki, na nani angejua? Mwanao alinitazama, nami nilimpenda vilevile kama siku zote.

Nikasema, "Ni yule wa shati la kijani, benchi la mwisho."

Askari walimshika akiniita shangazi.

Nimemtafutia wakili. Ukitaka kunilaani, nilaani, lakini njoo upesi. Wifi msomee barua hii ukiwa umemshika mkono.

Ni mimi,
dada yako