Mama Odeta Hakuharibu Mashine

Rohero, Bujumbura
Jumapili

Baba yangu,

Assalam aleikum. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokupa shangazi imesaidia, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Mimi ni mzima, ila juzi uliposema sauti yangu ni nzito nikasingizia mafua, sikukwambia kweli. Kwenye simu nilishindwa.

Unajua kazi yangu ni kuandaa programu za kompyuta kwa mawakala wa forodha. Mojawapo ni ya VPN, inayopitisha nyaraka za mizigo mtandaoni kwa njia ya siri. Hivi karibuni niliiongezea profaili, yaani orodha ya mafaili ambayo programu inaruhusiwa kusoma na mahali inaporuhusiwa kuandika. Kisichotajwa mashine inakikataa, hata anayeitumia awe mkurugenzi. Hivyo mwizi akiiingilia programu, hafiki kwingine.

Niliijaribu kwenye kompyuta yangu, ikaenda sawa, nikaituma. Kesho yake ofisi ya mteja wetu bandarini ikakatika mawasiliano. Boti ya mizigo ya huko Kigoma ilikuwa imeshafunga gatini, nyaraka haziendi. Shefu, yaani mkuu wa ofisi ile, akamlaumu karani wake, Mama Odeta, mjane wa makamo, kwamba amebonyeza asipopajua. Akamwambia aende nyumbani mpaka aitwe.

Nilipofika ofisini kwao, nilimkuta Mama Odeta anakusanya vitu vyake.

"Mi sikugusa kitu, dada," aliniambia. "Niliwasha tu mashini, kama siku zote."

Nikafungua kumbukumbu za mashine. Kila mstari ulisema jambo moja: programu imekatazwa kuandika faili la anwani za mtandao. Kompyuta zao huliweka mahali tofauti na yangu, na mahali hapo sikupataja. Kosa lilikuwa langu, Baba, na pale hakuna mwingine aliyeweza kulisoma. Nilinyamaza kidogo. Hilo ndilo linaloniaibisha.

Kisha nikamwambia shefu.

"Ni we?"

"Ni mimi. Mama huyu hana kosa."

"Basi toa hiyo profaili yote, kazi iendelee!"

"Hapana, shefu. Nikiitoa tunabaki wazi. Nipe nusu saa."

Nikaongeza mstari mmoja, nikasakinisha upya, njia ikafunguka. Nyaraka zikaenda kabla ya adhuhuri.

Mkubwa wangu amenipa onyo la maandishi, na nimelikubali. Sasa hatutumi kitu kabla ya kukijaribu kwenye mashine ya mteja mwenyewe.

Nisalimie Mama, shangazi, na kaka Hamisi na mkewe. Mwambie kaka viatu vya mtoto wake nimevipata. Barua hii anaileta nahodha, jirani yetu.

Ijumaa nilipita bandarini kumwomba radhi Mama Odeta, ambaye amerudi kazini. Shefu wake hajamwomba mpaka leo. Mama Odeta alinisogezea kiti.

"Niliona vile ulinyamaza," akasema. "Mi nikaanza kusali. Halafu ukasema."

Ni mimi binti yako,
Zuhura